Fundi Aliyeshindwa Kuchuchumaa

Kwa miezi saba fundi mmoja wa lifti hakuweza kuchuchumaa, na kwa miezi hiyo yote alifanya kila hila watu wasijue. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, mrefu kupita milango mingi, na kazini walimwita Twiga. Mtu akidondosha kalamu mbele yake, Twiga aliinama kwa kiuno, miguu imenyooka kama ngazi, akaiokota kwa ncha za vidole. Kamba za viatu alizifunga amekaa kitandani. Binti yake wa miaka sita alipomwita aje amwone paka aliyejificha chini ya kabati, alijilaza kifudifudi sakafuni, mwili mzima.

"Baba, si uchuchumae tu kama mimi?"

"Magoti ya Baba yamezeeka, mama."

Magoti hayakuwa na kosa. Daktari aliyapiga picha, akayakunja na kuyakunjua, akasema vijana wengi wangeyatamani. Lakini kila Twiga alipoyakunja na makalio yakashuka chini ya kimo cha kiti, kitu kilimshika shingoni. Jasho jembamba lilimtoka, masikio yakaziba, na mwili ukasimama wenyewe kabla hajauamuru.

Yote yalianza asubuhi ya Jumanne, katika jengo la zamani la ghorofa sita lililojaa ofisi za mawakili na madaktari wa meno. Twiga alikuwa na mwenzake wa miaka tisa, fundi mfupi mnene waliyemwita Bisibisi. Chini kabisa ya njia ya lifti huwa kuna shimo ambalo fundi huingia kusafisha na kukagua springi, na ukutani mwa shimo kuna kitufe chekundu. Anayeshuka hukibonyeza kwanza. Kikishabonyezwa lifti imekufa, haisogei hata aibembeleze nani. Asubuhi ile Bisibisi alikijaribu kitufe, akakiona kizima, akatia sahihi kwenye daftari, kisha akapanda kwenye chumba cha mtambo juu ya paa. Twiga akabaki chini.

Alimaliza kazi ya shimoni, akakirudisha kitufe, akapanda. Alipogeuka kufunga mlango akaiona spana yake imelala kule chini kando ya springi. Ni kitu cha nusu dakika. Akashuka tena, akauvuta mlango nyuma yake mtu asije akatumbukia, akajikunja kuiokota.

Juu ya kichwa chake kamba za chuma zikaanza kuimba.

Lifti ilishuka bila haraka. Shimo la jengo lile lilikuwa fupi, na lifti iliposimama kwenye sakafu ya chini iliacha nafasi ya kimo cha meza tu. Twiga alikuwa amechuchumaa, magoti kidevuni, na boriti ya chuma iliyo chini ya lifti ikaja ikatulia juu ya mabega yake. Haikumbana. Ilimgusa tu, baridi, kama mkono wa mtu anayetaka kukuuliza jambo.

Akasikia milango ikifunguka juu yake, halafu viatu. Aliingia mtu mmoja, na boriti ikashuka kidogo, unene wa kidole. Akaingia wa pili. Wa tatu na wa nne waliingia pamoja wakicheka. Kila mmoja alipokanyaga, kamba zilinyooka kidogo na uzito ukamjia shingoni. Alijua hesabu ya kamba zile, kazi yake ilikuwa kuijua, lakini wakati ule hakuikumbuka hata moja. Alipiga kelele. Feni ya lifti ikaimeza sauti. Kisha umeme ukakatika mtaa mzima, na lifti ikafia pale pale na watu wanne ndani.

Feni ilipozimika aliwasikia vizuri sana.

"Imekwama," alisema mwanaume mmoja. "Turukeruke, huwa inashtuka."

Wakaruka. Mara moja, mara mbili. Mara ya pili boriti ilimsukuma mpaka meno yakagongana na goti. Alilia kama mtoto, na sauti hiyo ndiyo iliyopenya, kwa sababu mwanamke mmoja alipiga magoti, akaweka sikio sakafuni, akasema polepole, "Jamani. Msitikisike. Kuna mtu chini yetu."

Tangu hapo walisimama kama watu wanaosubiri kupigwa picha. Bisibisi, aliyepigiwa simu kule juu, alizungusha gurudumu la mtambo kwa mikono yake miwili, na lifti ikapanda sentimita kwa sentimita. Mpaka Twiga anatolewa shimoni zilikuwa zimepita dakika arobaini. Miguu ilikuwa imekufa ganzi. Bisibisi alimbeba mgongoni, mfupi amembeba mrefu, vidole vya miguu ya Twiga vikiburuzika sakafuni.

Mchana msimamizi wao, mtu mpole aliyependa karatasi, alimwuliza swali moja tu. "Ulibonyeza kitufe?"

"Nilibonyeza," Twiga akasema. "Hakikushika."

Yalimtoka kabla hajayapima. Kwenye daftari palikuwa na sahihi ya Bisibisi kwamba kitufe ni kizima. Wiki mbili baadaye Bisibisi alihamishiwa stoo, akawa anagawa boliti na makopo ya mafuta kupitia dirisha dogo lenye nondo. Hakubishana na mtu. Siku ya kukabidhi vifaa alimtazama Twiga mara moja, kwa muda mrefu, kisha akauliza funguo za kabati ziko wapi.

Miezi ikapita. Twiga alichagua kazi za juu ya paa na za paneli za umeme, na zikija za shimoni alipata mafua, au mgeni, au msiba wa mtu wa mbali. Nyumbani mke wake, mshonaji mwenye jicho la kuona uzi uliopinda umbali wa hatua kumi, alimwangalia anavyookota vitu.

"Unaokota kama korongo," alimwambia siku moja. "Kazini kwenu hawachuchumai?"

"Magoti."

"Daktari amesema magoti mazima. Kesho asubuhi unakwenda kwa mdogo wangu. Nimeshamwambia."

"Umemwambia nini?"

"Kwamba nimeolewa na ngazi."

Mdogo wa mke wake alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, mfupi, mabega mapana, sauti ya kukwaruza. Aliwahi kushindana kunyanyua vyuma, na sasa alikuwa na ukumbi wa mazoezi katika chumba kirefu kilichokuwa zamani stoo ya matairi. Harufu ya mpira haijawahi kutoka humo. Madirisha yalikuwa juu karibu na bati, na katikati zilisimama fremu mbili za chuma ambamo watu waliingia, wakajitwika chuma mabegani, wakachuchumaa nacho, wakainuka.

"Shemeji! Umekuja kunisalimia au umetumwa?"

"Nimetumwa."

"Afadhali. Wanaokuja wenyewe huwa wanajua kila kitu."

Hakumpa chuma. Alimpa mpini wa ufagio auweke mabegani, akasimama ubavuni kwake na kusema, "Shuka."

Twiga alishuka mpaka nusu, akainuka haraka kama aliyekalia moto.

"Tena."

Alirudia mara sita. Shemeji yake hakucheka. Alimzunguka, akachuchumaa yeye mwenyewe bila taabu kumtazama miguu, kisha akasema makosa yapo matatu. Visigino vinanyanyuka, kwa hiyo amesimama kwenye vidole kama mtu anayechungulia ukuta wa jirani. Magoti yanaingia ndani, yanagongana. Na la tatu hajalielewa bado.

"Mtu mfupi kama mimi akichuchumaa anatua kama chungu. Wewe mapaja marefu, shemeji, wewe ni kitanda cha kukunja, kila bawaba lazima ijue zamu yake. Panua miguu. Zaidi. Vidole vitazame nje kidogo. Vua hivyo viatu vya kukimbilia, vinabonyea, nenda pekupeku. Ukishuka, usiyaache magoti yakutane, yasukume yafuate vidole. Makalio yaende nyuma kidogo na chini, katikati ya visigino."

Alifanya. Visigino vilibaki chini. Kwa mara ya kwanza alishuka robo zaidi, na hapo hapo shingo ikamkaza, akainuka.

"Hilo ndilo la tatu," shemeji yake akasema. "Ukifika pale unaangalia juu. Kila mara. Unainua uso kama kuku anayekunywa maji, mgongo unapinda, nguvu zote zinapotea. Kuna nini juu?"

Twiga alitazama bati na taa iliyoning'inia. "Hamna kitu. Mazoea tu."

"Mazoea ya wapi?"

Twiga alipanua miguu tena, na shemeji yake hakumbana.

Alienda Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya kazi. Shemeji yake alikuwa na tairi kuukuu ambazo mwenye stoo aliziacha, akazipanga mbili nyuma ya Twiga. "Kaa juu yake taratibu, usidondoke. Gusa, inuka." Baada ya wiki mbili akaondoa moja. Alimpigia alama ya chaki ukutani, kimo cha kifua, mita mbili mbele. "Macho hapo. Hata nyumba iungue, macho hapo." Alimfundisha kuvuta pumzi kabla hajashuka, kuijaza tumboni mpaka kiuno kiwe kigumu pande zote, kushuka nayo, kuinuka nayo, kisha kuitoa. Twiga alikuwa na tabia ya kuitoa akiwa chini, kwa hofu, na hapo mwili ukalegea kama gunia lililotobolewa.

Alijifunza upesi, mikono ya fundi huelewa hesabu ya viungo. Lakini hofu haikupungua kadiri ustadi ulivyoongezeka. Iliamka naye saa kumi na moja. Ilimngoja kwenye kona ya ukumbi, na harufu ya mpira ikimfikia tu, viganja vililowa. Kuna asubuhi alisimama nje dakika tano nzima amekamata mlango, akitunga mgeni wa kumsingizia.

Wiki ya tano shemeji yake alisema mpini wa ufagio umetosha. Akaweka chuma kitupu kwenye fremu, kilo ishirini.

"Ingia chini yake. Usikiweke shingoni, kiweke chini kidogo, hapa kwenye nyama ya mabega. Kikamate, vuta viwiko chini, inua."

Twiga aliingia. Chuma kikamgusa mabega, baridi, pale pale ilipokaa boriti.

Hakukumbuka kutoka. Alijikuta nyuma ya jengo, mkono ukutani, anatapika chai. Akakaa chini vumbini, amenyoosha miguu mbele. Shemeji yake alikuja na kikombe cha maji, akakaa kando yake mpaka maji yalipokwisha.

Hapo Twiga alimsimulia. Shimo, boriti, viatu vya watu wanne vilivyoingia juu yake, wale waliorukaruka. Alisimulia yote isipokuwa kitufe.

"Pole, shemeji," akasema mwanamke. "Basi hatushuki na chuma kwanza. Kwanza nikufundishe kushindwa."

Ndani ya fremu, kila upande, kulikuwa na chuma cha kukingia, kimelala kama mkono, na kinaweza kupandishwa au kushushwa kwa kuchomoa pini na kuichomeka tundu jingine. Alivipanga chini kidogo ya pale mabega ya Twiga yalipofika akichuchumaa, baada ya kupapima kwa mpini wa ufagio. "Ukishuka ukashindwa kuinuka, huhitaji kupigana. Endelea kushuka. Chuma kitakalia hivi viwili, wewe utatoka mbele kwa magoti. Umeona? Hakuna kinachokufuata chini ya hapo. Lakini kabla ya kila zamu unakagua pini mwenyewe, kwa mkono wako. Kulia, kushoto. Mimi nitauliza, wewe utajibu."

Asubuhi nzima alifanya hivyo tu. Aliingia chini ya chuma, akashuka, akakiacha. Kengele ya chuma kwa chuma ilijaa chumbani, kila mara ikamrusha moyo, kila mara akatambaa kutoka akiwa hai.

"Umekagua?"

"Nimekagua."

Neno lile lilimchoma, hakujua kwa nini lilimchoma kuliko chuma chenyewe. Au alijua. Usiku wa kwanza baada ya kutolewa shimoni alikuwa ameota msimamizi akimwuliza swali lile moja, na ndotoni alijibu vilevile.

Kufikia wiki ya tisa alikuwa anashuka na kilo arobaini. Magoti yalifuata vidole, visigino vilikaa, macho yalibaki kwenye chaki, isipokuwa chini kabisa ambapo kidevu kilitaka kuruka na yeye akikizuia kwa meno. Watu wengine wa asubuhi, kinyozi mmoja na mwalimu wa hisabati, walianza kumwambia, "Kaka, unashuka vizuri." Alicheka nao, na ndani ya kicheko kulikuwa na sauti ikimwambia kwamba wanamsifia mtu wasiyemjua.

Ijumaa moja alichelewa. Alipanga fremu haraka, akaongeza sahani ndogo ya uzito kila upande wa chuma, akaifunga kwa vibano.

"Umekagua?"

"Nimekagua."

Alishaingia chini ya chuma shemeji yake aliposema, "Toka." Sauti haikuwa ya utani. Twiga akatoka. Mwanamke alikwenda kwenye chuma cha kukingia cha kushoto, akakisukuma kwa kidole kimoja. Kikateleza, kikaanguka sakafuni. Pini ilikuwa nusu nje ya tundu.

"Hiki nini?"

Twiga alikitazama.

"Nimekuuliza, umesema umekagua. Hukukagua. Nisingeona, ungeshindwa leo, upande mmoja ungekushika na mwingine ungekuvunja mgongo, na mimi ningemwambia nini dada yangu? Shemeji, kwa nini umesema umekagua?"

Kinyozi na mwalimu waligeuka. Twiga alifungua mdomo aseme amesahau, na badala yake akasema, "Sikukibonyeza."

"Hukubonyeza nini?"

Akamwambia. Wakaenda tena nyuma ya jengo, na mara hii alisimulia akiwa amesimama. Spana. Nusu dakika. Alivyosema hakikushika. Sahihi ya mwenzake. Dirisha lenye nondo. "Ndiyo maana siwezi kushuka," akasema. "Si ile boriti peke yake. Nikifika chini nawaza, mkono huu ndio ulioniweka hapa. Na nikitoka nawaza nilichosema baadaye. Niuaminije mkono huu?"

Alitegemea kupewa pole. Shemeji yake alijifuta mikono kwenye suruali.

"Mimi nakufundisha kuchuchumaa," akasema. "Hilo lingine si langu kulisamehe. Unajua ni la nani." Kisha akaongeza, "Rudi ndani, ukachomeke pini."

Wiki mbili zilizofuata ndizo zilikuwa mbaya kuliko zote. Kila siku Twiga alipita stoo kuchukua boliti, na kila siku aliondoka na boliti tu. Aliogopa kufukuzwa. Aliogopa mke wake ajue. Zaidi ya yote aliogopa uso wa Bisibisi, jinsi utakavyokuwa baada ya maneno kutoka na hayawezi kurudishwa. Bisibisi alimhesabia boliti na kusukuma daftari atie sahihi, bila kuinua macho. Mara mbili Twiga alisema, "Sikiliza," na mara zote mbili akamalizia kwa kuomba grisi. Nyumbani walikuwa na makopo mawili ya grisi isiyo na kazi.

Jumatatu ya wiki ya tatu aliweka kilo sitini, uzito ambao hajawahi kuugusa. Alikagua pini ya kulia, akaisukuma. Akakagua ya kushoto, akaisukuma. Akarudi ya kulia tena. Shemeji yake alisimama pembeni, mikono nyuma, haulizi kitu.

Mara ya kwanza aliinuka. Ya pili aliinuka kwa kunguruma. Ya tatu alishuka vizuri mpaka chini, akasukuma, na chuma hakikwenda. Kilipanda upana wa kiganja, kikasimama. Mapaja yalitetemeka. Na hapo kila kitu kikamrudia: baridi shingoni, giza, viatu. Kidevu kilitaka kupanda. Alisikia mtu akipumua kwa nguvu na hakujua kama ni yeye.

Macho hapo, alijiambia. Aliiona chaki. Mstari mweupe, umefutika kidogo mwishoni. Hakuacha kuuangalia. Pumzi ikiwa bado tumboni alishuka, polepole, mpaka chuma kikagonga vya kukingia kulia na kushoto kwa pamoja, na mabega yake yakawa huru. Hakutoka upesi. Alibaki pale chini ya uzito ambao haukumgusa, amepiga magoti, jasho likidondoka sakafuni, moyo ukigonga kama mtu aliye nje ya mlango. Bado aliogopa. Lakini vile vyuma viwili ni yeye aliyevipanga, na vimeshika.

"Toka basi, shemeji," mwanamke akasema. "Wengine wanataka fremu."

Alienda kazini bila kupitia nyumbani kunywa chai. Bisibisi alikuwa anafungua dirisha la stoo.

"Kile kitufe sikukibonyeza," Twiga akasema kabla ya salamu. "Nilirudi kuchukua spana, nikaona ni nusu dakika. Kilikuwa kizima. Nilidanganya."

Bisibisi aliweka daftari kwenye kizingiti, akalinyoosha pembe. "Najua."

"Unajua?"

"Nilikijaribu mara tatu asubuhi ile. Nilijua siku ile ile nilipokuwa nimekubeba."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Neno langu na la mtu aliyetoka kaburini." Sasa ndipo alipoinua macho, na yalikuwa makali kuliko Twiga alivyoogopa. "Miezi kumi nagawa boliti. Mke wangu aliniuliza, 'Kweli ulikagua?' Mke wangu, Twiga. Nikaanza na mimi kujiuliza. Naamka nawaza, labda nilijaribu mara mbili tu. Labda sikujaribu kabisa. Umeniogopesha na mikono yangu mwenyewe."

Twiga alishika nondo ya dirisha. Alisema, "Nisamehe," na neno likaonekana dogo kama skrubu ya miwani.

"Tutaona. Twende kwa msimamizi. Utasema mbele yangu, na atayaandika."

Aliyasema, na yakaandikwa. Hakufukuzwa, ingawa kwa siku nne hakujua kama atabaki. Alipewa barua ya onyo, akaondolewa kuongoza kazi kwa mwaka mzima. Bisibisi alirudishwa, na msimamizi, kwa ukali au kwa hekima, akawapanga pamoja, Bisibisi mbele na Twiga chini yake.

Mke wake alipoambiwa hakupiga kelele. Alikunja kitambaa alichokuwa anashona mara mbili, akakikunjua. "Mimi nilimpikia mke wa Bisibisi siku walipomhamisha mume wake," akasema. "Nilikwenda kumfariji. Nikakaa kwenye kiti chake." Hakusema naye mpaka kesho yake jioni, na aliposema lilikuwa jambo la chumvi.

Shimo la kwanza walilopata lilikuwa la hospitali ndogo ya ghorofa tatu. Bisibisi alifungua mlango wa chini, akaweka kizuizi usijifunge, akamwonyesha kitufe kwa tochi.

"Bonyeza nione."

Twiga akabonyeza. Bisibisi akajaribu kuiita lifti, haikusogea. Akamwambia akirudishe, abonyeze tena. Mara tatu.

"Haya. Shuka."

Twiga alishuka ngazi fupi. Hewa ya shimoni ilikuwa na harufu ya vumbi na mafuta, na giza la juu lilikuwa lile lile. Springi aliyopaswa kuikaza ilikuwa chini kabisa. Alipanua miguu, vidole nje kidogo, akavuta pumzi mpaka kiuno kikawa kigumu. Magoti yakafuata vidole. Alipopita kimo cha kiti hofu ilikuja, ikamshika shingo kama mwenyeji. Alitafuta kitu cha kuangalia ukutani, akapata nati yenye kutu, akaikazia macho. Akafika chini. Akakaza springi. Ilimchukua dakika kumi na moja, kazi ambayo zamani aliifanya kwa tatu.

Alipotoa kichwa nje Bisibisi alikuwa amechuchumaa mlangoni. "Umetapika?"

"Bado."

"Basi ondoka hapo nisije nikatapikiwa mimi."

Ulikuwa utani wa kwanza kati yao karibu mwaka mzima, na wote wawili waliangalia pembeni.

Hiyo ni miaka miwili iliyopita. Twiga bado anakwenda kwa shemeji yake asubuhi, na sasa anachuchumaa na kilo tisini, mgongo umetulia. Hofu haikuhama. Kuna wiki inapotea kabisa, kisha inarudi siku ya kawaida bila sababu. Tofauti ni kwamba sasa huisema. Husimama juu ya shimo, mkoba mkononi, akasema, "Leo naogopa."

"Haya," Bisibisi hujibu, akageuza ndoo, akaikalia mlangoni. Kisha huanza kusimulia kisa cha wakwe zake, kirefu, chenye matawi, na hasimami wala hanyamazi mpaka Twiga apande.